Hema la kuvulia mtoni: lipi linasimama haraka na bado linadumu?

*"Shikamoo fundi. Naishi Uyole, Mbeya. Mwisho wa wiki mimi na kijana wangu wa miaka 12 huwa tunakwenda kuvua mto Kiwira kwa pikipiki, na mara mojamoja tunashuka Usangu kwa ndugu zetu kuvua kambale. Mara nyingi tunafika giza limeshaingia. Hema letu la kwanza lilipasuka nguzo kabla ya mwaka kwisha, tena lilikuwa linavuja: asubuhi blanketi limelowa hata siku ambayo mvua haikunyesha. Sasa nimeona mahema ambayo unayarusha tu na yanafunguka yenyewe. Muuzaji anasema hayapitishi maji kabisa na nitakaa nalo miaka kumi. Rafiki yangu naye anasema niachane na hayo, nitafute turubai zito la kijeshi. Nichukue lipi? Na je, baridi ya Juni ikizidi, naweza kuingiza jiko dogo la mkaa ndani kwa muda mfupi tu?"*

Marahaba ndugu yangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kuua mtu. Mengine yote ni hasara ya fedha na usingizi.

Usiingize jiko la mkaa ndani ya hema. Usiliingize kwa muda mfupi, usiliingize huku mlango uko wazi, na usiliingize hata kama moshi umeshakwisha na makaa yamebaki mekundu tu. Mkaa unaoungua kwa hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni, tena inang'ang'ania kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, lakini mwili haupati hewa. Watu wengi huogopa moshi, wakasubiri uishe ndipo waingize jiko. Kumbe makaa yale mazuri yasiyo na moshi yanaendelea kuitoa gesi hiyo mpaka yanazimika. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi mzito, na huo usingizi ndio unaomnyima mtu nafasi ya kujiokoa. Mkihisi hivyo mkiwa karibu na moto, tokeni nje hapo hapo na mwende kituo cha afya hata kama mmeanza kupata nafuu.

Baridi yenyewe ina dawa nyingine. Sehemu kubwa ya joto lenu inanyonywa na ardhi, kwa hiyo blanketi moja lililolaliwa linafanya kazi kuliko la pili la kujifunika. Tafuta mkeka wa povu au kigodoro chembamba cha sponji, mbebe soksi na sweta za kulalia ambazo hazikuingia mtoni mchana, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri miguuni mwa mtoto. Hayo yanatosha kwa Juni ya Kiwira.

Sasa tuje kwenye haraka. Hema la kurusha linafunguka kweli kwa sekunde chache, hapo muuzaji wako amesema kweli. Ndani ya kitambaa kuna pete ndefu za waya wa springi zilizokunjwa kwa kuzungushwa, na ile nguvu iliyobanwa ndiyo inayolisimamisha. Ila kusimama siyo kuwa tayari kwa kulala. Bado utasafisha uwanja, utapiga vigingi, utavuta kamba. Ukijumlisha hayo, zile sekunde ulizookoa ni sehemu ndogo sana ya kazi. Na asubuhi deni linalipwa, kwa sababu kuirudisha springi kwenye duara lake kunahitaji ufundi na mikono miwili mikavu, na wewe uko kwenye tope, umelowa, na upepo unavuma. Nimeona watu wazima wakilikalia hema kwa hasira mpaka waya ukapinda. Waya huo ukipinda vibaya mara moja haunyooki tena, na ukikatika hakuna fundi wa mtaani anayeweza kuuunga ukarudisha nguvu yake. Hema zima linakuwa limekwisha kwa ajili ya waya mmoja. Zaidi ya hapo, mengi ya bei nafuu yana kitambaa cha safu moja tu (nitaeleza kwa nini hilo ni tatizo kwako), na likikunjwa linakuwa duara bapa la upana unaokaribia mita moja. Likifungwa nyuma ya pikipiki kwenye barabara ya Tukuyu, yenye kona na malori, litakamata upepo. Kwa hilo pekee ningekukataza, kwa kuwa umempakia mtoto.

Lipo pia hema la mwavuli, ambalo nguzo zake zimefungwa moja kwa moja kwenye kitambaa. Unavuta kamba au unasukuma kitovu cha juu, miguu inafunguka na kujifunga. Hili nalipenda. Linachukua dakika mbili hivi, na mguu ukivunjika unaweza kubadilishwa. Udhaifu wake ni vile viungo vya plastiki, na urefu wake likikunjwa, ambao mara nyingi unapita mita moja. Ungekuwa na gari ningekwambia ununue hili.

Rafiki yako hajakosea kuhusu turubai la pamba. Nyuzi za pamba zikilowa zinavimba na kuziba matundu, ndiyo maana turubai jipya hulowanishwa na kukaushwa mara moja au mbili kabla ya safari ya kwanza. Linapumua, linastahimili jua, cheche ya moto haiyeyushi tundu papo hapo, na fundi yeyote mwenye cherehani nzito anaweza kulishona. Lakini hema la namna hiyo pamoja na nguzo zake linafika kilo 20 au zaidi, na likinyeshewa linaongezeka uzito palepale. Likikunjwa bichi linaota ukungu na kuoza. Ni hema la mtu mwenye pikapu anayekaa wiki nzima mahali pamoja.

Ninachokushauri wewe ni hema la nguzo mbili zinazokingamana juu, la watu watatu ili ninyi wawili mpate nafasi ya vyombo, lenye safu mbili: chumba cha ndani chenye wavu, na paa la nje linaloshuka mpaka karibu na ardhi pande zote. Likikunjwa lina urefu wa kama nusu mita na unalifunga kwenye kerea bila shida. Angalia chumba kinavyoshikwa na nguzo. Vile vishikizo vya plastiki vya kubana vinakwenda haraka kuliko mfereji wa kitambaa ambao unasukumia nguzo gizani mpaka inakwama. Mkilifanyia mazoezi uani nyumbani jioni mbili tatu, kwa tochi, kila mmoja akijua kazi yake, mtalisimamisha kwa dakika tano au saba. Mtoto wa miaka 12 ana mikono mizuri kwa kazi hii. Mpe nguzo, wewe chukua vigingi.

Nunua pia turubai jepesi la mita tatu kwa nne, lenye matundu ya pete pembeni, na kamba za kutosha. Mkifika usiku na mvua inanyesha, funga turubai kwanza kwenye miti miwili, kisha simamisha hema chini yake, maana mahema mengi ya namna hii hutaka chumba cha ndani kisimame kabla ya paa, na dakika hizo chache zinatosha kulilowesha lote. Asubuhi unafanya kinyume: unakunja hema chini ya turubai, na turubai ndilo la mwisho kushuka. Hiyo ndiyo haraka inayokufaa, na haitegemei springi yoyote.

Kuhusu lile hema lililokuwa "linavuja" bila mvua: kwa maelezo yako, nina hakika kubwa kwamba halikuwa linavuja. Yalikuwa maji ya pumzi zenu. Watu wawili wakilala wanatoa mvuke usiku kucha, kwa pumzi na kwa ngozi, na nguo zilizoloa mtoni nazo zinaongeza wake. Mvuke ukigusa kitambaa kilichopoa nje, unageuka matone, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotoa jasho mezani. Kando ya mto hali ni mbaya zaidi kwa sababu mbili. Hewa yenyewe tayari imebeba unyevu mwingi. Halafu usiku usio na mawingu, hewa ya baridi ni nzito, inateremka kutoka milimani na kutulia bondeni, yaani pale pale ulipolala. Ukipanda juu ya kingo kiasi cha kimo cha nyumba, unaweza kukuta hewa ni kavu na ina joto kidogo kuliko chini kwenye maji.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Matone yakiwa yametawanyika sawasawa dari nzima, ni pumzi. Maji yakiwa yamefuata mstari wa mshono, au yamekusanyika kwenye kona moja au chini ya dirisha, hapo linavuja. Ndiyo sababu nimesisitiza safu mbili: mvuke unapita kwenye wavu, unagandia kwenye paa la nje, na matone yanateremkia nje badala ya kuwadondokea. Ila hilo linafanya kazi tu kama mmeacha matundu ya hewa wazi, moja chini na moja juu, na paa limevutwa kwa kamba lisiguse chumba cha ndani. Najua ukiona baridi mkono unakwenda kufunga kila zipu. Jizuie, na nguo mbichi zilale nje chini ya turubai.

Neno la "halipitishi maji kabisa" lipime kwa namba. Kwenye lebo kuna kipimo cha milimita: 800, 1,500, 3,000. Maana yake ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kukibeba kabla hakijaanza kupenyeza. Kwa paa, kwa mvua za ukanda wa Rungwe ambazo unazijua mwenyewe, usishuke chini ya 2,000, na 3,000 ndiyo namba ninayoipenda. Sakafu inahitaji zaidi, na watu wengi hawaelewi kwa nini, kwani mvua hainyeshi kutoka chini. Piga hesabu hii: mtu wa kilo 70 akipiga magoti, uzito wote unakaa kwenye eneo dogo, tuseme sentimita za mraba 100. Hiyo ni sawa na kukandamizwa na maji ya kina cha mita saba, yaani milimita 7,000. Ardhi ikiwa imelowa, maji yanasukumwa kupitia kitambaa chini ya goti lako hata kama hakina tundu. Kwa hiyo tafuta sakafu ya 5,000 kwenda juu, na bado utandike turubai chini yake. Turubai hilo liwe dogo kuliko sakafu pande zote, lisichomoze, la sivyo litakinga maji ya paa na kuyaleta chini yenu. Kagua pia mishono kwa ndani. Inatakiwa iwe imebandikwa utepe unaong'aa, kwani sindano imetoboa kila sehemu ilipopita na namba ya kitambaa haihusu matundu hayo.

Kwa kitambaa, chukua poliesta kuliko nailoni. Nailoni ina nguvu, lakini ikilowa inalegea na jua linaila mapema, na kwenye miinuko yetu, Mbeya ikiwa kwenye mita kama 1,700, jua ni kali hata siku ya baridi. Nguzo ziwe za alumini ukiweza kumudu. Za kwako zilizopasuka bila shaka ni za faibaglasi. Hizo hupasuka kwa urefu, kuanzia kwenye kiungo, hasa mtu anapokunja nguzo kabla vipande havijaingia mpaka mwisho. Ukibaki na faibaglasi, chukua zenye unene usiopungua milimita 8.5 na ubebe kibomba cha chuma cha kuvalisha palipopasuka. Vigingi vinavyokuja na hema ni vyembamba mno kwa mchanga wa mtoni. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea virefu kwa nondo nyembamba, na penye mawe matupu funga kamba kwenye jiwe.

Miaka kumi? Inawezekana, ila siyo kwa jinsi wavuvi wengi wanavyotunza. Kinachozuia maji ni tabaka jembamba la plastiki iitwayo poliyurethani lililopakwa upande wa ndani wa kitambaa. Unyevu na joto vikikaa pamoja, tabaka hilo linavunjikavunjika: linaanza kunata, linatoa harufu mbaya, kisha linabanduka kama magamba. Hema lililokunjwa bichi Jumapili jioni na kuachwa ndani ya mfuko chini ya kitanda mpaka safari ijayo linaweza kuharibika hivyo ndani ya misimu michache, hata kama lilikuwa la bei mbaya. Ukifika nyumbani, hata umechoka vipi, lifungue na ulitandaze sebuleni au kivulini usiku huo huo. Zipu zioshe mchanga kwa mswaki wa zamani, kisha uzipake mshumaa. Usilifue kwa sabuni ya unga. Na kama utatafuta la mtumba pale Mwanjelwa au Sido, wakati mwingine linapatikana zuri kuliko jipya la bei rahisi, lakini ingiza mkono ndani na unuse: likinata au likinuka, liache hata kama linauzwa bei ya soda.

Hema zuri halitakusaidia ukilisimamisha mahali pabaya, na hapa naomba unisikilize kama mzazi. Kiwira inatoka milimani na inajaa haraka. Mvua inaweza kuwa imenyesha Poroto huku nyie mnaangalia nyota. Ule mchanga mweupe uliolala sawa, unaovutia kusimamisha hema, umesawazishwa na mto wenyewe. Tazama matawi ya miti ya kingo: majani makavu na takataka zilizonasa zinaonyesha maji yalifika wapi, na hema lako liwe juu ya hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetaja mita 60 kutoka ukingoni kwa ajili ya kulinda mito. Zichukue pia kama kipimo cha usalama wenu. Maji yakianza kuwa ya tope, yakibeba vijiti, au sauti ya mto ikibadilika usiku, ondokeni bila kukunja kitu. Nasema haya hasa kwa miezi ya mvua, Novemba mpaka Mei, ambapo mbasa hupanda mitoni kutoka Ziwa Nyasa na wavuvi wanashawishika kulala karibu na maji. Na usilale chini ya mikaratusi. Huangusha matawi makubwa hata siku isiyo na upepo.

Usangu ni habari nyingine. Huko kuna viboko na mamba, na kitambaa hakizuii hata mmoja. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hurudi kwa njia ile ile. Ukiona njia pana iliyokanyagwa inayoshuka majini, usikae juu yake wala kati yake na mto. Lala kijijini kwa ndugu zako, mtoni mwende mchana. Sehemu kubwa ya Ihefu, lile eneo la majimaji la Usangu, iliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, na ndani ya hifadhi huruhusiwi kuvua, kwa hiyo kabla ya kutupa ndoano muulize afisa uvuvi wa halmashauri au mtendaji wa kijiji mpaka uko wapi na kibali gani kinahitajika. Mbu wa huko ni wengi kuliko wa Uyole. Wavu wa hema usiwe na tundu, na kijana akipata homa siku au wiki kadhaa baada ya kurudi, mpeleke zahanati akapimwe malaria siku hiyo hiyo. Kiwira yenyewe ina wale inzi weusi wadogo wa maji ya kasi wanaoeneza ugonjwa wa usubi. Hao wanauma mchana, kwa hiyo kinga yake ni mikono mirefu na suruali wakati mnavua.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji alisimamishe hema mbele yako na alikunje tena. Anayekataa, nenda duka la pili. Ukilifikisha nyumbani, limwagie maji kwa ndoo au mpira kwa robo saa huku kijana yuko ndani na tochi anaangalia mishono, na mkabadilishe wakati risiti bado ina kazi. Lile la zamani usilitupe: lipeleke kwa fundi wa mahema akalione kwa macho, kwani mimi kwa maandishi siwezi kujua kama tabaka lake bado zima. Likiwa halinati, nguzo mpya na utepe wa mishono vitagharimu kidogo kuliko hema jingine, na huenda usihitaji kununua chochote zaidi ya turubai la juu.